BABA, NDOO NA BEGA LA BINTI: Wazazi wanavyofundisha softboli Marekani

Leo naomba tuziweke pembeni siasa na Simba na Yanga, niwape somo la mchezo ambao wengi tuliokulia Bongo tuliuona kwenye sinema tu. Kila nikipiga simu nyumbani na kusema Jumamosi yote nilikuwa uwanjani na binti yangu, swali ni lile lile: "Mpira gani huo? Netiboli?" Nikijibu softboli, kimya. Halafu shangazi yangu anamalizia: "Haya baba, ilimradi mtoto asiumie."

Basi bila kujua, shangazi kagusa penyewe. Softboli ya watoto wa kike huku inaendeshwa na wazazi kwa kiasi kikubwa. Baba au mama ndiye kocha, dereva, mdakaji wa mazoezini na mpishi. Na mtu muhimu kuliko wote kwenye timu ni mtoto mmoja anayeitwa mtupaji. Hoja yangu ni moja tu: mzazi anayemfundisha binti yake kutupa ana kazi moja inayotangulia nyingine zote, nayo ni KUHESABU. Asipohesabu yeye, mara nyingi hakuna mwingine atakayehesabu.

Ngoja nieleze taratibu, kwa yule asiyejua hata mchezo wenyewe.

MCHEZO WENYEWE UKOJE?

Softboli ni mdogo wake besiboli. Ilianzia Chicago mwaka 1887, Siku ya Shukrani, ndani ya jengo la klabu ya mashua. Vijana walichukua glavu ya ngumi wakaifunga kamba ikawa mpira, wakachukua mpini wa fagio ukawa gongo (jamani gongo la kupigia, sio ile ya kunywa!). Kwanza ulikuwa mchezo wa ndani wakati wa baridi, baadaye ukatoka nje.

Jina lina maana ya mpira laini, ila usidanganyike. Mpira wa wasichana wakubwa una mzunguko wa sentimita 30 hivi na uzito wa karibu gramu 180 hadi 200, na ukikupata mguuni utajua kama ni laini au la. Wadogo wa chini ya miaka 10 wanatumia ulio mdogo kidogo, wa mzunguko wa sentimita 28.

Mtupaji anasimama katikati ya uwanja, anamrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji anajaribu kuupiga na gongo na kukimbia kuzunguka besi. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, kavaa barakoa ya chuma na vikinga miguu. Mechi kamili ina iningi 7, yaani kila timu inapata zamu saba za kupiga.

Tofauti kubwa na besiboli ni mkono. Kwenye besiboli unatupa kwa juu, kama ulivyotupa ukicheza rede. Kwenye softboli ya kasi unatupa kwa chini. Mkono unatoka pajani, unaenda mbele, unapanda juu ya kichwa, unashuka nyuma, halafu mpira unaachiwa pembeni ya nyonga. Mzunguko mzima kama pangaboi! Na mguu mmoja unaruka mbele kwa hatua ndefu huku ule wa nyuma ukiburuza ardhini.

Usidhani kutupa kwa chini ni kutupa taratibu. Mwaka 2012 Mmarekani Monica Abbott alitupa mpira wenye kasi ya maili 77 kwa saa, yaani kama kilomita 124. Na umbali ni mfupi: wanawake wa chuo wanatupia mita 13.1, wakati besiboli ya wakubwa ni mita 18.4. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde kuamua. Mwaka 2004 mtupaji Jennie Finch alipambana na wanaume mastaa wa besiboli kwenye mechi ya maonyesho, akamtoa Albert Pujols, mmoja wa wapigaji hatari kabisa wa zama zile. Mwanaume mzima akabaki anapunga hewa.

KWANINI WAZAZI WAMEJAZANA HAPA?

Sababu ya kwanza ni sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wanawake nafasi kwenye michezo. Mashindano ya softboli ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, yakaanza mwaka 1982, na leo fainali zake zinafanyika Oklahoma City kila mwaka, watu wanajaa kama mechi ya watani wa jadi. Kwa hiyo mzazi akimtazama binti yake wa miaka tisa na glavu mkononi, kuna sehemu ya kichwa chake inaona ada ya chuo imelipwa.

Sababu ya pili ni namna mchezo ulivyo. Kwenye netiboli ukiwa na mchezaji mmoja mzuri unaweza kupitisha mpira kwa wengine. Kwenye softboli kila kitu kinaanza kwa mtupaji. Asipoupitisha mpira eneo linalotakiwa, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, na mwingine, na mwingine, mnakaa pale mnaoza juani. Timu ya watoto ikipata mtupaji mmoja anayelenga vizuri, inashinda. Ndio maana kila kocha anamtaka, na akimpata anamtumia.

Sababu ya tatu ni kwamba kutupa hakufundishwi siku mbili. Mazoezi ya timu ni mara mbili kwa wiki na pale kocha ana watoto kumi na mbili. Mtupaji lazima afanye mazoezi nyumbani, na lazima mtu amdakie. Huyo mtu ni mzazi. Hapa ndipo inapoingia NDOO.

Ukipita mitaa ya huku jioni utamwona mwanaume mzima kakaa juu ya ndoo ya plastiki iliyogeuzwa, au yenye mfuniko wa sponji, glavu mkononi, miguu kaipanua, mbele yake mtoto wa kike anamrushia mipira. Hao kina baba wana jina lao kabisa, wanaitwa baba wa ndoo. Mimi ni mmoja wao, na mke wangu huwa ananipokea nikirudi usiku kutoka kazini. Ndoo ile ile aliyoninunulia ya kuoshea gari, sasa ina hadhi kuliko kiti cha sebuleni.

Hata Jennie Finch niliyemtaja juu alifundishwa na baba yake, Doug, huko California. Mzee alisomea huo mchezo kwa ajili ya binti, akawa kocha wake, na akabuni hadi kifaa cha kuzungusha mkono cha kuimarisha bega. Binti akaenda Chuo Kikuu cha Arizona, mwaka 2001 akamaliza msimu kwa ushindi 32 bila kupoteza mechi hata moja, na 2004 akapata dhahabu ya Olimpiki kule Athens. Hadithi tamu. Na kila baba wa ndoo anaijua!

UZUSHI WA "KUTUPA KWA CHINI HAKUUMIZI"

Sasa tufike penye uzito. Ukikaa uwanjani utasikia maneno haya: kutupa kwa chini ni kwa asili, mkono haupati shida, binti anaweza kutupa siku nzima. Nimeambiwa hivyo na wazazi wenye nia njema kabisa, wengine makocha wa miaka mingi.

Sio kweli, wadau. Watafiti waliwapima watupaji wa softboli kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Waliona kwamba mkono ukishuka kwa kasi ile kuelekea kuachia mpira, kuna nguvu inayovuta mkono utoke kwenye bega, na inafika takriban asilimia 80 ya uzito wa mwili. Chukua mtu wa kilo 70: ni kama kuning'iniza kilo 56 kwenye mkono mmoja, kisha unaachia, kisha tena, mara mia. Misuli ya mbele ya mkono, ile vijana mnayoitunisha mkipiga picha, ndiyo inayofanya kazi ya kuzuia. Watafiti waliolinganisha mitindo miwili waliona msuli huo unafanya kazi zaidi kwenye kutupa kwa chini kuliko kwa juu. Ndio maana mtupaji wa softboli akilalamika, mara nyingi anakushika mbele ya bega.

Na mtoto sio mtu mzima mdogo. Mifupa yake bado inakua, na karibu na ncha za mifupa kuna sehemu laini za ukuaji ambazo ni dhaifu. Uchovu ukizidi, zinaumia hizo kabla ya kingine.

Kwenye besiboli ya wavulana jambo hili lilishachukuliwa hatua. Mwaka 2007 Little League, shirika kubwa la michezo hiyo kwa watoto, lilianza kuhesabu mipira anayotupa kila mtoto badala ya kuhesabu iningi. Mwaka 2014 ligi kuu ya besiboli na chama cha taifa wakatoa mwongozo: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidi mipira 85 kwa siku, na akitupa mingi anapumzika siku kadhaa. Kaka anatupa besiboli, mtu kasimama pembeni na kifaa cha kuhesabia. Dada anatupa softboli uwanja wa pili, Little League yenyewe kwa upande wake imetumia kikomo cha iningi, na kwenye mashindano mengi ya wikiendi ni hiari ya kocha. Iningi moja inaweza kuwa mipira 9 au 40. Huo sio uangalizi, ni kubahatisha.

Halafu kuna mifano ya mashujaa. Mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing, Mjapani Yukiko Ueno alitupa mipira 413 ndani ya siku mbili: mechi mbili siku ya kwanza, fainali siku ya pili, wakaifunga Marekani na kuchukua dhahabu. Kule Japani hiyo namba 413 ni kama wimbo wa taifa. Mimi nampigia saluti. Lakini Ueno alikuwa na miaka 26, mchezaji aliyekomaa, kwenye fainali ya maisha yake. Baba anayemtaja Ueno ili kuhalalisha mtoto wa miaka 11 kutupa mechi nne Jumamosi ya kawaida, anachanganya madawa.

Na hata wakubwa wanafika mwisho. Mwaka 2025 kwenye fainali za vyuo, NiJaree Canady wa Texas Tech, binti aliyehama chuo mwaka 2024 kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, alibeba timu mabegani. Alifika mchezo wa tatu wa fainali akiwa ametupa kila mpira wa timu yake kwenye mashindano yale. Iningi ya kwanza tu Texas wakampiga pointi tano, akatolewa, wakashinda 10 kwa 4. Kama mwili wa mtupaji ghali kuliko wote chuoni unachoka, wa mtoto wako ni nani?

JUMAMOSI YA MIPIRA 150

Ngoja niwape la kwangu. Binti yangu ana miaka 11. Juni iliyopita tulikuwa kwenye mashindano, joto la Texas mnalisikia tu, nyuzi 36. Mechi ya asubuhi alitupa mipira 71, ya pili 79. Jumla 150, bado sijaweka ya kupasha mwili. Najua kwa sababu ninayo daftari ndogo na kila mpira naweka alama, kama muuza duka anavyoandika madeni.

Mechi ya tatu ikaja saa kumi jioni. Kocha, ambaye naye ni mzazi, akamwita ashike mpira. Nikamfuata pembeni, kwa heshima, nikamwambia leo katupa 150, basi. Akasema: "Yeye mwenyewe kasema yuko sawa." Ni kweli alisema. Mtoto wa miaka 11 ukimuuliza mbele ya wenzake kama yuko sawa, atasema yuko sawa hata kama mkono umening'inia. Nikamjibu kocha, muweke besi yoyote unayotaka, ila kutupa hapana.

Tukafungwa. Sio kidogo, tulifungwa vibaya. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine hawajui maana ya timu. Na binti yangu alilia njia nzima, dakika hamsini, akaniambia, "Baba umeniaibisha."

Nilimwambia: "Mama, kukasirika unaruhusiwa. Bega ni lako, ila mpaka ukue, funguo ninashika mimi." Hakunijibu. Wiki tatu zilizofuata kocha hakumpa kutupa hata mpira mmoja. Ndio gharama yenyewe hiyo, nawaambia ili msidhani ni rahisi. Baadaye mtupaji mwingine wa timu yetu, mtoto mzuri sana, alipelekwa kwa daktari na maumivu ya bega, akaambiwa akae nje miezi mitatu. Hapo kocha akaninong'oneza kama ile daftari yangu inaweza kuhesabu watoto wawili. Sasa nahesabu wanne.

NINAVYOFANYA NYUMBANI

Wengi mtauliza, sasa binti anafundishwaje? Mimi sio daktari, nawapa utaratibu wetu kama mzazi.

1. Siku za kutupa ni tatu kwa wiki, ikiwemo ya mechi. Siku ya mazoezi hazidi mipira 60. Mingi kati ya hiyo ni ya karibu, mita sita hivi, polepole, kuangalia kifundo cha mkono na mahali mpira unapoachiwa. Kasi ni ya mwisho, mipira 15 tu. Mtoto akichoka mtindo unaharibika, na ukiendelea unamfundisha ubovu.

2. Nguvu inatoka chini. Hili ndilo kina baba wengi hawalitaki kwa sababu halina mbwembwe. Mkono ni kama mwisho wa mjeledi, anayechapa ni miguu na nyonga. Kwa hiyo tunafanya kuchuchumaa na kusimama, hatua ndefu za kushusha goti, kuruka kamba, mbio fupi za mita 20, na kulala kifudifudi umeegemea viwiko tumbo limekaza. Uzito wa mwili wake unatosha. Vyuma havijaingia kwetu.

3. Kutua. Wasichana wanaocheza michezo ya kuruka na kukata kona huchana kano ya ndani ya goti zaidi ya wavulana. Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kuruka na kutua kimya kimya, magoti yakiangalia mbele, yasikutane kama ya mtu aliyebanwa haja. Hili hata wachezaji wa netiboli kule nyumbani linawahusu moja kwa moja.

4. Mgongo wa bega. Kutupa kunajenga mbele tu. Tunafunga mpira wa kuvuta kwenye nguzo, anavuta kuelekea nyuma taratibu. Dakika kumi.

5. Maumivu sio uchovu. Tumekubaliana maneno. Akisema "nimechoka," tunapunguza. Akisema "panauma," tunaacha hapo hapo, na pakiendelea kuuma kesho yake tunakwenda kwa daktari. Haulizwi mara mbili, hachekwi, na hanyimwi kitu kwa kusema.

6. Kupumzika kumo kwenye ratiba. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, walishauri mwaka 2016 kwamba mtoto apate siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, apumzike mchezo wake kwa jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, na asibanwe na mchezo mmoja tu kabla ya miaka 15 au 16. Kwetu kuanzia Novemba glavu inakaa kabatini. Anaogelea na anacheza kikapu.

7. Barakoa ya uso. Mtupaji akishaachia mpira yuko mita chache tu kutoka kwenye gongo, na mpira unarudi mkali. Binti yangu anavaa kinga ya uso hata mazoezini. Na mimi kwenye ndoo navaa vikinga miguu, maana mpira ukidunda chini haujui kama wewe ni mzee wa mtu.

CHAKULA, MWILI NA YALE TUSIYOYASEMA

Kwenye mazoezi ya wasichana neno la hatari kuliko yote ni "punguza mwili." Nimemsikia kocha wa mazoezi ya viungo akimwambia hivyo mtoto wa miaka 13, mbele za watu. Anayetupa kwa nguvu anahitaji kula. Binti akifanya mazoezi makali huku anajinyima, mwili unaanza kuzima vitu kimoja kimoja, na kimojawapo ni hedhi. Hedhi ikikatika sio dalili ya kuwa mwanamichezo safi, ni kengele: mifupa nayo inapungukiwa. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliipa hali hii jina rasmi na kuwataka makocha waiangalie.

Najua kwetu mambo hayo ni ya mama, shangazi au somo, baba hayamhusu. Mimi sijitii ukungwi. Lakini kama mimi ndiye kocha, lazima nijue kwamba yupo mwanamke mzima ambaye binti anaweza kumwambia. Kwetu ni mama yake, na akimwambia mama, mimi naambiwa tu "wiki hii punguza," nami napunguza, maswali sina.

Chakula chenyewe hakina uchawi. Uji asubuhi ya mechi, mayai, ndizi. Wali na maharage usiku wa kuamkia. Maji tangu siku moja kabla. Wenzake wanakula peremende za rangi, yeye anakula karanga, wanamwomba.

NA HIYO SKOLASHIPU JE?

Vijana wa mkwanja nawasikia: "Mzee, unabembeleza bega huku skolashipu inapita." Basi tupige hesabu. Kwa sheria za NCAA za tangu 2018, kocha wa chuo cha daraja la kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa softboli kuhusu kumchukua kabla ya Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu wa sekondari, yaani akiwa na miaka 16 hivi. Kwa miaka mingi timu nzima ya daraja hilo iligawana skolashipu 12 tu. Baada ya makubaliano ya mahakamani ya mwaka 2025, vyuo vilivyojiunga havina tena kikomo hicho, ila timu haizidi wachezaji 25. Nafasi ni chache, na hakuna anayeweza kumpa binti yangu kitu leo akiwa na miaka 11. Kombe la Jumamosi ni la plastiki. Bega linatakiwa lifike miaka 16 likiwa zima. Mwenye haraka ya nini?

Na michezo yenyewe haikimbii. Softboli ilitolewa Olimpiki baada ya 2008, ikarudi Tokyo mwaka 2021 ambako Japani waliwafunga Wamarekani tena, na imepangwa kurudi mwaka 2028, mechi zikichezwa Oklahoma City. Binti yangu ananikumbusha kila wiki, anataka tununue tiketi.

KWA MLIOKO NYUMBANI

Najua kwenye kafe mlipo hakuna uwanja wa softboli nje. Lakini wengi wenu mna wadogo wa kike wanaokimbia, wanaocheza netiboli, wavu, mikono, na wengine nyie ndio makocha wao pale shuleni. Kocha wa riadha anayemkimbiza mtoto mita 5,000 leo na kesho kwa sababu "ana kipaji," na baba wa ndoo anayedai "mkono hauchoki," ni ndugu wa tumbo moja. Nunua daftari la bei rahisi. Andika: leo kakimbia kiasi gani, karuka mara ngapi, kalala saa ngapi, kasema panauma wapi. Wiki nne tu utaona mambo ambayo macho hayakuona.

Mtoto mwenye kipaji kila mtu anamtumia: kocha, shule, timu, hata wazazi. Awepo basi mmoja wa kusema "leo basi."

Mnasemaje wadau? Hasa dada zetu mliocheza mkiwa wadogo: nani alikuwa anawaambia inatosha? Nasubiri maoni. Saa kumi na moja inagonga hapa, binti kashatoa ndoo nje. Leo ni mipira 60.